Utafiti kwa picha na wazee wa mtaani: nani achague picha, sisi au wao?

Mwaka wa Tatu ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Nasoma afya ya jamii, mwaka wa tatu. Muhula huu somo letu la utafiti halina mtihani. Kila kundi limepewa watu wa kufanya nao utafiti shirikishi kwa picha. Sisi tumepata wazee wa mtaa ulio jirani na chuo. Tulikaa nao tukakubaliana swali moja: nini kinawarahisishia, na nini kinawazuia, kufika wanakotaka kwenda? Wengine tuliwapa kamera ndogo, wengine wakatumia simu zao.

Picha zimerudi na kundi limegawanyika. Nyingi zina ukungu, nyingine zimekata vichwa, na ziko ambazo kidole kimeziba nusu ya lenzi. Wenzangu wawili wanataka tuzichuje sisi kwanza, tubaki na zile zinazoonekana vizuri, ndipo tuwaite wazee kuzijadili. Roho yangu inakataa, ila wakiniuliza sababu sina hoja ya kitaaluma ya kuwapa. Mwenzetu mwingine anasema huu si utafiti kabisa, ni maonyesho ya picha, kwa kuwa hauna takwimu.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Nani anapaswa kuchagua? Na nikiambiwa huu si utafiti, nijibu nini? Tunakutana na wazee wiki ijayo.

---

Mama Mwezeshaji amejibu:

Mdogo wangu, usilegeze msimamo. Wazee ndio wachague, na hoja ya kitaaluma ipo.

Njia hii, wengi siku hizi wanaiita fotovoisi, iliasisiwa na Caroline Wang na Mary Ann Burris mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika jimbo la Yunnan, China. Waliwapa kamera wanawake 62 wa vijijini ili waonyeshe wenyewe maisha na afya zao. Katika makala yao ya mwaka 1997 waligawa uchambuzi katika hatua tatu, na zote tatu wanazifanya waliopiga picha: kuchagua picha, kusimulia kilicho nyuma yake, kisha kubainisha mambo yanayojirudia. Kwa hiyo kuchagua ni hatua ya kwanza ya uchambuzi. Mkizichuja ninyi, mtakuwa mmeshachambua bila wenyewe, na wazee mtakuja kuwaomba wapambe tu matokeo yenu. Waeleze wenzako hivyo hivyo.

Na hizo picha zenye ukungu zitazame kwa heshima. Katika kundi moja nililoliongoza, bibi mmoja alileta picha ya ngazi za saruji, imelala upande, nusu ya chini imetikisika kabisa. Mwanafunzi alikuwa tayari kuifuta. Bibi akasema iachwe. Akaeleza kwamba aliipiga akiwa ameketi katikati ya ngazi, mahali ambapo kila siku pumzi humwishia, na kwamba imetikisika kwa sababu mkono ulioshika simu ndio huo anaojishikizia ukutani. Kishikio hakuna. Aliposema hivyo, mzee mwingine akavuta picha yake mwenyewe ya ngazi zile zile, akaweka kidole kwenye ukuta: rangi imebanduka kwa mstari mmoja, usawa wa kiganja, kutoka chini hadi juu. Ni viganja vya watu wa miaka mingi. Wanafunzi walikuwa wakipanda ngazi hizo mara kwa mara na hakuna aliyekuwa ameuona mstari ule. Sasa niambie, mngepata wapi jambo hilo kwa dodoso?

Kisha ikafika kuyapa majina mambo yaliyojirudia. Wanafunzi walikuja na jina lao, "changamoto za miundombinu". Wazee wakalikataa. Wakasema kupanda si tatizo kubwa kwa sababu ukichoka unakaa. Kinachowafanya wabaki nyumbani ni kushuka, maana mguu ukiteleza hakuna pa kushika. Wakaziita picha zile "safari ya kurudi". Jina hilo lilibadilisha ripoti nzima. Badala ya kuandika kuhusu wazee wasioweza kufika, wakaandika kuhusu wazee wanaofika na kuogopa kurudi, na mapendekezo nayo yakabadilika. Hapo wanafunzi walijifunza kitu ambacho mimi ningekisema darasani muhula mzima kisiingie.

Kuhusu "si utafiti": picha peke yake si data kamili. Data ni picha pamoja na mazungumzo yanayoizunguka. Rekodini mjadala, kwa ruhusa, muandike neno kwa neno, kisha mfanye usimbaji, yaani kuyapa maneno yao alama kwa mada, kama mngefanya kwa mahojiano yoyote, na matokeo myarudishe kwa wazee wayathibitishe au wayakatae. Takwimu zitakuambia ni wazee wangapi hawatoki nyumbani. Njia hii inakuambia uwaulize nini. Huyo mwenzenu anayependa takwimu mpeni kazi baadaye ya kuandaa dodoso kutokana na walichosema wazee. Litakuwa dodoso zuri.

---

Kamera Begani amejibu:

Naunga mkono. Niongeze kuhusu ubora wa picha, maana mimi ni mpiga picha na najua tunavyohukumu. Mwaka 1973 huko Lima, Peru, katika mradi wa kufundisha watu wazima kusoma kwa njia ya Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazili, walimu waliuliza maswali na kuomba majibu kwa picha badala ya maneno. Walipouliza unyonyaji ni nini, mtoto mmoja alileta picha ya msumari uliopigiliwa ukutani. Wakubwa hawakuelewa. Watoto wenzake wakaelewa mara moja. Wengi wao walikuwa wang'arisha viatu, wakiishi mbali na mjini. Masanduku ya kazi ni mazito kubeba kila siku, kwa hiyo walikodi msumari kwa mwenye duka ili walitundike sanduku usiku. Msumari ule uliwalia pesa yao.

Mpiga picha kama mimi angeipita picha hiyo bila kusita. Haina mtu, haina tukio, haina mwanga wa kusifia.

Jambo la vitendo: msiziguse faili za asili. Nakilini zote, zipeni namba, chapisheni ndogo ndogo kwenye karatasi, mzitandaze mezani na kila mzee achukue zake. Kuchagua kwenye skrini ndogo kunawachosha, na anayeshika simu ndiye anayeishia kuamua.

---

Maadili Kwanza amejibu:

Mmeeleza vizuri, ila hakuna aliyegusa ridhaa, na mimi ndilo linaloninyima usingizi katika kazi hizi. Ridhaa hapa ni tatu, zisichanganywe katika fomu moja. Ya kwanza ni ya mzee kushiriki. Ya pili ni ya mtu yeyote anayeonekana kwenye picha, iombwe *kabla* ya kupiga. Ya tatu ni ya mpigaji kuruhusu picha fulani, na maelezo fulani, vionyeshwe hadharani, nayo huombwa baada ya mjadala, picha kwa picha. Mzee anaweza kukubali kushiriki na bado akakataa picha ya chumba chake kutundikwa ukumbini. Hadaiwi sababu.

Kumbukeni pia kwamba ninyi mnatoka chuoni. Wazee wengi watasema "sawa wajukuu" kwa adabu tu. Ulizeni tena siku nyingine, mkiwa mmekaa naye pembeni.

Na jamani, msiwaahidi kishikio! Ahidini mtakachoweza, yaani picha na maneno yao kufika mbele ya wanaoamua. Wang mwenyewe alishauri hao wanaoamua watafutwe mwanzoni kabisa mwa mradi, si siku ya maonyesho. Mwaka wa Tatu, mmeshawapata?

---

Mwaka wa Tatu amejibu:

Asanteni sana, wakuu. Nimesoma jibu la Mama Mwezeshaji mbele ya kundi, na wale wawili wamekubali picha zote ziende mezani. Mwenzetu wa takwimu amebaki na neno moja: mjadala wa wazee tutauongozaje usiwe kila mtu anaeleza shida zake hadi jioni?

Kuhusu wanaoamua, Maadili Kwanza, bado. Kesho naanza na uongozi wa mtaa.

---

Mama Mwezeshaji amejibu:

Yapo maswali matano ya kawaida: Tunaona nini hapa? Nini hasa kinatokea? Kinahusianaje na maisha yetu? Kwa nini hali hii ipo? Tufanye nini? Usiyasome kama mtihani. La nne ndilo la kukaa nalo muda mrefu, kwa sababu hapo ndipo watu huacha kujilaumu wenyewe ("miguu yangu imezeeka") na kuanza kuzungumzia ngazi. Ukiona mnalikimbilia la tano, rudisheni picha mezani.

Wazee wakieleza shida hadi jioni, sikilizeni. Picha chache kwa kikao kimoja zinatosha, nyingine zisubiri kikao kijacho. Mhadhiri wenu akihofia muda wa muhula, mwombeni alama zitoke kwenye shajara zenu za tafakuri na kwenye namna mlivyoongoza vikao, ili maonyesho yafanyike wazee wakiwa tayari.

Huko kwa uongozi wa mtaa, nenda na mzee mmoja au wawili. Wewe beba tu picha.

---

Kamera Begani amejibu:

Na mkichapisha za maonyesho, maelezo yawe kwa maneno ya mpigaji mwenyewe, herufi kubwa, yatundikwe usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Wekeni viti.