Kwa nini damu ya mama haigandi ndani ya kondo la nyuma?

Mkunga, Moshi
Wakuu, habari. Damu ya mjamzito huganda upesi kuliko kawaida, na kwenye kondo inapita taratibu. Mbona haigandi mle? Na kondo likibanduka mapema, mbona wengine damu inagoma kuganda kabisa?

Daktari wa wazazi, Arusha
Dada, mle damu ya mama inagusa moja kwa moja seli za trofoblasti, yaani tabaka la nje la kondo. Seli hizo zina trombomodulini, inayoikamata trombini (kimeng'enya kinachogandisha damu) na kuifanya iamshe protini C, nayo huzima vigandishaji viitwavyo faktori V na VIII. Zina pia aneksini A5, inayofunika fosfolipidi (mafuta ya utando wa seli) ili vigandishaji visipate pa kushika. Kingamwili za antifosfolipidi, zinazolenga protini zilizoshika mafuta hayo, huvuruga ngao hiyo, ndiyo maana mama mwenye nazo aliyeharibikiwa mimba mara kwa mara hupewa aspirini ya dozi ndogo na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Heparini haivuki kondo. Wafarini, nayo dawa ya kuzuia kuganda, huvuka, inaweza kumdhuru mtoto.

Maabara, Arusha
Swali la pili: desidua (utando wa ndani wa mji wa mimba) imejaa tishu fakta, protini inayoanzisha kuganda. Kondo likibanduka, inaingia kwenye damu ya mama, kuganda kunaanza ovyo mwilini, na fibrinojeni, protini inayotengeneza bonge, inateketea. Mwisho wa mimba huwa 4–6 g/L. Chini ya 2 ni hatari.

Majibu ya maabara yakichelewa, weka ml 2 za damu kwenye tyubu kavu ya kioo. Ya kofia ya zambarau usiguse, ina dawa ya kuzuia kuganda. Ishike ndani ya ngumi. Baridi ya Julai huku kwetu inachelewesha kuganda. Dakika ya 4 iinamishe polepole, kisha kila dakika. Ikifika 7 bila bonge, au bonge laini linalovunjika, ita daktari na uagize damu hapo hapo.

Mkunga, Moshi
Asanteni sana. Tyubu za kioo naziweka kwenye trei ya dharura leo.