Tupeane uzoefu: kutengeneza kozi ya mtandaoni ambayo watu wataimaliza

Mkufunzi wa Kibaha
Wakuu, salaam. Ofisini kwetu tumekabidhiwa kazi ya kuhamishia mtandaoni mafunzo ya maafisa ugani. Zamani tuliwakusanya ukumbini, posho, chai, makabrasha, basi. Sasa wakubwa wanataka turekodi mihadhara ileile, tuipakie kwenye mfumo, tutoe vyeti. Nimeangalia video ya kwanza. Mhadhiri kasimama mbali, sauti inarudi kama ya kisimani, slaidi zimejaa maandishi ambayo kwenye simu hayasomeki hata ukiyakuza, na ina urefu wa saa 1 na dakika 40. Afisa ugani tunayemtengenezea yuko kijijini na pikipiki, simu ya kioo kilichopasuka, bando la kujinunulia mwenyewe. Inaniuma kwa sababu najua atafungua mara moja na hatarudi. Mliosoma mtandaoni na mliowahi kutengeneza kozi, semeni. Nini kilikushika mpaka mwisho, na nini kilikukimbiza?

Jabali la Kusini
Hiyo video ikate vipande vya dakika 6. Kuna utafiti wa 2014 wa kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni za vyuo vikuu, walichambua mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi walifungua video. Fupi za chini ya dakika 6 ndizo zilizoshika watu zaidi.

Binti Kiembesamaki
Jabali, utafiti huo umeusoma nusu. Palepale wamesema mhadhara uliorekodiwa darasani haushiki watu hata ukiukatakata. Kilichoshika ni mwalimu aliyekaa mezani kwake anaongea na kamera kana kwamba anaongea na mtu mmoja, tena mara nyingine aliishinda studio ya gharama. Mkufunzi, msikate chochote. Andikeni upya, mrekodi upya.

Jabali la Kusini
Kurekodi upya kuna gharama dada yangu. Si kila ofisi ina bajeti.

Binti Kiembesamaki
Simu moja, chumba chenye mapazia na godoro ili sauti isirudi, maiki ya kubana kwenye shati. Bajeti gani hapo?

Kaka Mratibu
Mimi naona mnahangaika bure. Mtu mzima asiposimamiwa hasomi. Wekeni vipindi vya moja kwa moja Zoom saa mbili usiku, mahudhurio yachukuliwe, asiyekuwepo akatwe alama. Watasoma wote.

Mama Pacha
Kaka Mratibu, saa mbili usiku nani anapika kwako? Mimi saa hiyo nina sufuria jikoni na watoto wawili wanataka kulala. Nililipia kozi ya uhasibu mdogo yenye utaratibu wako huo, nikaiacha. Kipindi cha moja kwa moja kiwe cha maswali tu, kirekodiwe, na asiyefika asiadhibiwe.

Kijana wa Ukerewe
Nakazia.

Mkunga wa Kata
Hapo kwenye saa mbili usiku mmenikumbusha jambo ambalo nilidhani limeshapita. Mimi ni muuguzi mkunga, zahanati ya kata, wilaya siitaji. Nilikuwa najiendeleza kwa kozi ya mtandaoni. Jaribio la mwisho la moduli lilihusu kujaza takwimu za MTUHA, ule mfumo wa taarifa za huduma za afya. Linafunguliwa saa mbili kamili usiku, linafungwa saa tatu kamili, unaruhusiwa mara moja tu.

Nilikuwa zamu peke yangu. Mtandao pale unashika dirishani upande wa chumba cha dawa, kwa hiyo simu nimeiegesha kwenye nondo za dirisha, najibu nimesimama. Nikiwa katikati ya maswali nikasikia bodaboda inaingia inapiga honi bila kuacha. Mama wa uzao wa kwanza, njia imefunguka yote, kichwa kinaonekana. Simu nimeiacha palepale.

Taa ya sola ilikuwa imefifia, mkwe wa yule mama ndiye aliyenishikia tochi. Mtoto akatoka amelegea, halii. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, kimya. Nikakata kitovu, nikamlaza mezani, nikamvalisha kinyago cha ambu, ile puto ya kuminya kwa mkono, nikaanza kumpa pumzi. Tochi inatetemeka mkononi mwa bibi, anasoma dua kwa sauti. Nikaona kifua kinapanda. Nikaendelea, nikaendelea. Akakohoa, akalia. Nikarudi kwa mama, sindano ya oksitosini ya kuzuia damu, kondo likatoka lote, damu ikasimama.

Nilipofika dirishani skrini imeandika muda umekwisha, hujafaulu moduli. Nikamwandikia mratibu wa kozi nikaeleza kila kitu. Jibu lililokuja: mfumo ndio umefunga, hatuna la kufanya, rudia moduli muhula ujao kwa kulipia upya. Sikurudi tena kwenye ile kozi. Wewe unayetengeneza kozi, hao unaowaita wanafunzi ni watu walioko kazini.

Kijana wa Ukerewe
Dah. Mtoto anaendeleaje?

Mkunga wa Kata
Mzima, na ameshaanza chekechea. Mama yake akipita zahanati lazima anisalimie.

Mama Pacha
Mungu akubariki dada. Nimesoma nalia. Huyo mratibu angekuja kufanya mtihani leba.

Kaka Mratibu
Pole sana dada, na hongera kwa kazi. Lakini tusitoke kwenye hoja. Mkiacha jaribio wazi siku nzima watu watatumiana majibu WhatsApp. Cheti kitakuwa hakina maana.

Fundi Mifumo
Kaka Mratibu, naendesha Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, kazini kila siku, nikueleze. Muda wa dirisha la jaribio na muda wa kujibu ni vitu viwili tofauti. Unaweza kuliacha wazi kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na bado kila mtu akapewa dakika 40 zinazoanza kuhesabiwa pale anapobonyeza kuanza. Unaweza kuruhusu marudio mawili na kuchukua alama ya juu. Kuhusu kutumiana majibu, tengeneza benki ya maswali, kila mmoja apewe yake kwa bahati nasibu. Na hilo la "mfumo umefunga" ndilo linaloniudhi. Moodle ina sehemu ya kumwongezea mshiriki mmoja muda au nafasi nyingine bila kuwagusa wenzake, ni kazi ya dakika chache. Anayefunga ni mtu aliyepanga.

Mkunga wa Kata
Asante Fundi. Ningejua haya wakati ule ningemjibu.

Kaka Mratibu
Hapo kwenye benki ya maswali nimekuelewa. Mahudhurio bado nasimama nayo.

Mama Pacha
Simama nayo tu, sisi tutakuwa jikoni.

Mzee wa Kilosa
Wanangu, hamjambo. Mnazungumza kana kwamba kusomesha watu walio mbali kumeanza na simu. Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio moja, watu tumekaa chini ya mti, kiongozi wa kikundi ana kijitabu. Kipindi kikiisha redio inazimwa, tunajadili, halafu tunaamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi ya mbu, kuchemsha maji. Wiki ijayo mnaulizana nani kachimba. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2, na wengine hawakuwa na hata darasa moja. Kilichotushika ni wenzetu na kazi ya kufanya. Mkufunzi, hao maafisa wako wagawe vikundi kwa tarafa, kila kikundi kiwe na kiongozi aliyepewa mwongozo, na kila somo liishie shambani.

Mkufunzi wa Kibaha
Shikamoo mzee. Hili la kuishia shambani nimelichukua. Somo letu la viwavijeshi vamizi lina slaidi 46 za historia ya mdudu, kuingia kwake Afrika, ramani, jedwali. Wakati afisa anachohitaji ni kumgeuza yule kiwavi kiganjani aone ile Y iliyopinduka kichwani na madoa manne yaliyokaa kimraba karibu na mkia, asimchanganye na bungua wa mahindi. Zoezi liwe: nenda shamba la karibu, piga picha ya kiwavi na ya jani lililoliwa, sema ni mdudu gani na utamshauri nini mkulima.

Binti Kiembesamaki
Sasa unatengeneza kozi. Anza na zoezi hilo, halafu jiulize anahitaji kujua nini ili alifanye. Kisichohitajika kitoke, hata kama mhadhiri atanuna. Na wiki ijayo umuulize tena kitu kilekile kwa maswali mafupi bila alama. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha 2006 kwamba waliojipima kwa kukumbuka walishika zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena.

Jabali la Kusini
Maswali kila wiki watu watachoka. Weka mwisho wa moduli tu.

Binti Kiembesamaki
Maswali matatu yanachosha nini Jabali?

Mwalimu Mombasa
Mimi niko Kenya, nimeona kozi nyingi za walimu. Kitu kimoja wasisahau: mtu akituma zoezi ajibiwe na binadamu. Nilituma mpango wa somo nikapata "umepokelewa, asante" na alama kamili. Nikajua hakuna aliyeusoma. Kutoka hapo nilikuwa natuma chochote. Heri uandikiwe mistari miwili ya ukweli, kwamba hapa umepatia na pale rekebisha.

Kijana wa Ukerewe
Mimi naomba sauti. Huku kwetu video ni anasa.

Fundi Mifumo
Kijana yuko sahihi, piga hesabu. Video ya dakika 6 kwa kilobiti 600 kwa sekunde inakula kama MB 27. Maelezo yaleyale kwa sauti pekee, kilobiti 32, ni MB 1 na nusu. Picha mbili tatu za kiwavi ukizipunguza vizuri hazifiki hata MB 1. Wekeni vyote, mtu achague. Na wafundisheni siku ya kwanza kupakua masomo kwenye programu ya Moodle ya simu wakiwa wilayani penye mtandao, wakasome kijijini bila bando.

Kijana wa Ukerewe
Hiyo kilobiti 32 inatengenezwaje? Rekoda ya simu yangu haina hiyo sehemu.

Fundi Mifumo
Rekodi kawaida, hamishia kwenye kompyuta, fungua na Audacity, programu ya kuhariri sauti, geuza iwe mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, unapohifadhi kama MP3 chagua 32. Sauti ya mtu anayeongea itasikika vizuri, ila muziki usiweke.

Mkufunzi wa Kibaha
Nashukuru wote. Jumatatu nawapelekea wakubwa somo moja la viwavijeshi lililoandikwa upya, sauti, picha na zoezi la shambani, walilinganishe na ile video. Kabla ya hapo natafuta mtu mwenye simu dhaifu alijaribu.

Mkunga wa Kata
Nitumie mimi inbox. Mahindi yapo nyuma ya zahanati, na dirisha bado lipo.