Cheti cha waringi kimeandikwa "SAWA", namba karibu hamna. Nikipokee?

Mjengo_Mpya

Wakuu, salaam. Waringi ya nyumba imekamilika, plasta ya korido bado haijapigwa. Umeme ni fezi moja, volti 230, na ethi ni ya fito yetu wenyewe iliyopigwa chini mita 1.2.

Bodi ina RCD mbili za miliampea 30 (swichi zinazokata pale umeme unaotoka usipolingana na unaorudi). Ya kwanza inabeba sakiti mbili za taa (breka B10 ya ampea 10, waya wa milimita 1.5 za mraba). Ya pili inabeba sakiti tatu za soketi (breka B20, waya 2.5) na shawa ya umeme ya wati 7,500 (breka B32, waya 6). Sakiti zote tatu za soketi zimepita konduti moja hadi mwisho wa korido.

Kwenye cheti safu ya insulesheni imeandikwa ">200" kila mstari, safu ya Zs (ukinzani wa njia nzima ya hitilafu kupitia ethi) iko tupu, na RCD "SAWA". Tena taa ya baraza, ilipofungwa balbu ya wati 12, ilikuwa ikiwashwa RCD zinakata. Fundi akaweka balbu ya wati 2, pakatulia. Anasema balbu ya kwanza ilikuwa mbovu. Nisaini?

Nyutro_Yako

Usisaini. Na balbu haikuwa mbovu.

Hiyo ni nyutro ya kuazima. Laivu ya taa ya baraza inatoka sakiti ya taa, lakini nyutro yake imeungwa kwenye kisanduku cha soketi kilichokuwa karibu. Umeme unatoka kupitia RCD ya kwanza na kurudi kupitia ya pili, kwa hiyo kila moja inaona hesabu haifungi. Wati 12 kwa volti 230 ni miliampea 52 hivi, lazima ikate. Wati 2 ni miliampea 9, na LED nyingi huvuta zaidi kidogo ya hapo, lakini RCD ya 30 hairuhusiwi kukata chini ya 15. Fundi amepunguza mzigo hadi kosa lisionekane, kosa lenyewe liko palepale.

Ubaya wake: mtu atazima breka ya soketi, afungue nyutro kwenye kisanduku akijua sakiti imekufa, na ile nyutro ina volti 230 zinazopita kwenye balbu ya baraza.

Kuitafuta: zima meni swichi, hakikisha kwa kipimo kuwa hakuna umeme. Toa balbu ya baraza. Kwenye bodi fungua nyutro zote kutoka kwenye baa zake, kila moja iwe peke yake, ukiziwekea alama kwanza. Chukua multimita kwenye omu na waya mrefu, gusa tundu la nyutro kwenye kishikio cha balbu, kisha gusa nyutro moja moja kule bodini. Inatakiwa isome kwenye nyutro ya sakiti yake tu. Ikisoma kwenye ya soketi pekee, imeazimwa. Ikisoma kwenye zote mbili, kuna mahali zimefungwa pamoja, na huo ni utafutaji wa kisanduku kwa kisanduku.

Omu_Sifuri

Naongezea kuhusu cheti. Hiyo ">200" isikutie wasiwasi, mashine nyingi za mega (za kupimia insulesheni) hufika kikomo hapo na insulesheni mpya hupita kirahisi. Kipimo ni volti 500 za DC na kiwango cha chini kinachokubalika kwa nyumba ni megaomu 1, ingawa kazi mpya ikisoma 2 au 3 ningetafuta msumari uliochoma waya au unyevunyevu kwenye kisanduku. Muulize tu kama balbu, dima na kinga ya radi vilitolewa kabla ya kupima. Kinga ya radi ikibaki inapitisha umeme kwenye volti hizo na usomaji unashuka, na vifaa vya kielektroniki vinaweza kuungua.

Kinachonisumbua ni kwamba hakuna safu ya mwendelezo wa waya wa ethi. Hicho ndicho kipimo cha kwanza kabisa, na ndicho kinachofichua uongo, maana unaweza kukihakiki kwa kalamu. Laivu ya 2.5 pamoja na ethi ya 2.5 ni miliomu 14.8 kwa kila mita. Soketi iliyo mita 25 kutoka bodini lazima isome karibu omu 0.37. Ukiona 0.05 kwenye soketi ya mbali, au namba ileile nyumba nzima, hakuna aliyetoka na mashine garini.

Utaratibu ni kupima umeme ukiwa umezimwa kwanza: mwendelezo, insulesheni, mpangilio wa laivu na nyutro, fito ya ethi. Ndipo unawasha na kupima Zs na RCD. RCD haiandikwi "SAWA", inaandikwa milisekunde: kwa miliampea 15 isikate, kwa 30 ikate ndani ya 300, kwa 150 ikate ndani ya 40.

Mjengo_Mpya

Asanteni sana. Fundi anasema RCD kaipima kwa kubonyeza kitufe cha T mbele yangu na ikakata. Na Zs anadai haina maana kwa nyumba yenye ethi ya fito.

Omu_Sifuri

Kitufe cha T kinapitisha umeme kwenye kiukinzani kilicho ndani ya RCD yenyewe. Ng'oa waya wa ethi kabisa, kitufe bado kitakata. Kinathibitisha chombo hakijakwama, basi. Bonyeza kila baada ya miezi michache, lakini usikiite kipimo.

Kwenye Zs ana nusu ya ukweli. Fito ikisoma omu 80, hitilafu kwenye ganda la chuma la jiko inapitisha 230 kwa 80, chini ya ampea 3. Breka ya B20 inahitaji ampea 100 ili ikate mara moja, hivyo hiyo haitakata hata kesho. Kwenye nyumba yenye ethi ya fito RCD ndiyo inayokuokoa, na ndiyo sababu namba ya fito lazima iandikwe. Kihesabu, volti 50 ukigawa kwa ampea 0.03 unapata omu 1,667, lakini ukizidi 200 haiaminiki, kiangazi udongo ukikauka inapanda. Ikizidi, piga fito ya pili, umbali kati yake na ya kwanza usipungue urefu wa fito. Kumwaga maji ya chumvi kwenye shimo siku ya kupima ni ujanja wa siku hiyo tu.

Konduti_20

Mmesahau ile konduti ya korido, na plasta ikishapigwa hakuna tena. Waya wa 2.5 ndani ya konduti unabeba ampea 24 ukiwa na sakiti moja na joto la nyuzi 30. Sakiti tatu pamoja zinapashana moto, unazidisha kwa 0.7, inabaki 16.8. Breka ni 20. Waya unaweza kupata moto kupita kiasi kabla breka haijaona kitu. Kushusha breka hadi 16 kunaonekana kunatosha, ila joto likifika nyuzi 35 unazidisha tena kwa 0.94 na unabaki na 15.8. Toa sakiti mbili, kila moja konduti yake.

Shawa nayo: 7,500 kwa 230 ni ampea 32.6. Breka ya B32 inavumilia hadi mara 1.13 kwa saa nzima, kwa hiyo haitakata, itachemka tu mpaka skrubu zilegee. Msikimbilie kubadilisha breka peke yake iwe B40. Waya wa 6 kwenye konduti ni ampea 41, na kwa nyuzi 35 ni 38.5. Vuta waya wa 10, ndipo B40 iingie.

Mjengo_Mpya

Nimeelewa, plasta imesimama. Vyote vikirekebishwa, inapimwa upya nyumba nzima?

Omu_Sifuri

Sakiti za soketi, shawa na ile ya taa ya baraza zinapimwa upya zote, na RCD zote mbili. Sakiti ya pili ya taa haijaguswa, lakini kwa kuwa haina namba ya mwendelezo wala ya Zs kwenye cheti, nayo ipimwe. Cheti kiandikwe tarehe na namba ya mashine iliyotumika.