Naomba ushauri: kabati la mtiki la zamani au nimpe fundi kazi?

Habari zenu wakuu. Natafuta kabati refu la chini la sebuleni, mtindo ule wa Denmark wa miaka ya 1950 na 1960: miguu myembamba iliyochongoka, milango ya kusukuma, bila manakshi. Nipo Dar.

Nimepata moja la mtumba, sentimita 180. Nilipochomoa droo nikakuta pembe zimeshikana kwa meno, hakuna hata msumari. Roho ikatulia. Ila nyuma, karibu na sakafu, ngozi ya juu imebanduka kama ganda la kitunguu. Kumbe ni vinia, yaani tabaka jembamba la mtiki lililogandishwa juu ya ubao mwingine, na muuzaji alishaniapia ni mtiki mtupu! Najua mengi ya enzi hizo yalitengenezwa hivyo, lakini unyevu wa huku je?

Fundi wa Keko naye anasema atanichongea jipya kwa mtiki wa Longuza, lile shamba la miti la Tanga. Sampuli yake karibu nusu ni ile sehemu nyeupe ya nje, ambayo wadudu huipenda.

Waliowahi kugandisha vinia tena, ilidumu? Na huyo fundi nimbane vipi anipe kiini tu? (Mama watoto anataka la vioo, naomba msimsikilize.)