Drafti zangu 61, yaani video nilizohifadhi bila kuzirusha, zimefutika kwa maelekezo ya wenye programu wenyewe. Kitufe cha "hifadhi" kinahifadhi nini?

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira tangu Jumanne na bado hazijaisha. Naandika kwa sababu kuna mwenzangu humu ambaye kesho atafanya nilichofanya mimi.

Mimi ni fundi cherehani, niko Mwanza. Nafundisha kushona kwa video fupi: kukata sketi, kuunga kola, kuweka zipu ya kujificha. Kazi nyingi hairuki siku ileile niliyoirekodi. Bibi harusi hataki gauni lake lionekane kabla ya siku yenyewe, na hiyo ni haki yake. Nyingine picha zipo lakini sauti bado, maana mchana fremu nzima ya duka ni mlio wa cherehani, mpaka nisubiri usiku ndipo niweke maelezo. Nyingine inasubiri bando tu. Zote hizo zinakaa drafti. Programu ninayorushia video yenyewe inanipa kitufe cha kuhifadhi rasimu, nabonyeza, naiona kwenye ukurasa wangu, ndani ya akaunti yangu, pamoja na idadi yake. Mtu wa kawaida atajuaje kwamba haimo kwenye akaunti?

Wiki iliyopita programu ikaanza kukwama kila nikifungua kamera. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakanijibu: ifute, ipakue upya, ingia na akaunti yako ileile. Basi. Kuhusu drafti, hakuna neno hata moja. Nikafanya kama nilivyoambiwa. Wafuasi nikawakuta, video zilizokwisha kuruka nikazikuta, meseji zote zipo. Drafti hakuna hata moja.

Nilipolalamika ndipo wakasema drafti hukaa kwenye simu tu, hazipandi kwenye seva, yaani kompyuta zao za kuhifadhia, kwa hiyo hawana cha kunirudishia. Kwa hiyo mlikuwa mnajua! Mlijua, na bado mkamwambia mtu afute programu bila kumuuliza kama ana kazi ndani yake. Sentensi moja tu ingetosha: "Toa kwanza rasimu zako." Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata kufutika kwenyewe.

Nimekaa siku mbili nasoma mambo haya, na nawaambia nilichokielewa. Ukihifadhi drafti, video inawekwa kwenye eneo la ndani la programu husika ndani ya simu. Ukiifuta programu, simu inalifyeka eneo hilo lote. Ukienda kwenye mipangilio ya Android ukabonyeza kufuta data, yanakukuta yaleyale. Kufuta kashe, yaani mafaili ya muda tu, ni kitu kingine, na maneno hayo mawili yamewekwa jirani kabisa. Ukinunua simu mpya ukaingia na akaunti yako, drafti hazikufuati. Simu ikiibiwa, zimeondoka nayo. Na ukirekodi kwa kamera ya ndani ya programu, mara nyingi galari haibaki na nakala, kwa hiyo hata vipande vya mwanzo unavikosa.

Fundi simu mmoja alichukua elfu ishirini yangu akiahidi kuzirudisha, jioni akasema imeshindikana. Simu za miaka hii zinafunga data kwa kufuli ya siri, kitu kikishafutwa hivyo si rahisi kukifufua. Msitupe pesa huko.

Sasa niwaambie kilichokuwemo, ili msiseme ni video tu. Aliyenifundisha kushona ni mzee mmoja ambaye mwaka jana, kabla hajarudi kijijini, nilimwomba anionyeshe anavyounga mkono wa gauni. Wanaoshona wanajua kichwa cha mkono huwa kikubwa kidogo kuliko tundu lake, na wengi wetu tukiunga tunaacha vikunjo begani. Yeye anapitisha mistari miwili ya mshono mrefu uliolegea, anavuta uzi taratibu mpaka kitambaa kinajikusanya bila kukunjika, kisha anabana pini kuanzia begani akishuka kwapani. Nilirekodi kwa karibu sana, unaona kabisa kidole gumba kinavyosukuma kitambaa nusu nusu. Dakika tatu. Nilikuwa nimebakiza sauti. Leo mzee ana mtoto wa jicho, sindano haioni. Video ile siwezi kuirudia.

Ninachodai si kikubwa. Pale kwenye kitufe waandike wazi kwamba rasimu iko kwenye simu hii tu. Na watoe njia ya kuzipakua zote kwa mpigo, siyo moja moja.

Nyinyi wengine, leo hii kabla hamjalala, fungueni drafti zenu. Rekodini kwa kamera ya simu kwanza, halafu ndipo muingize kwenye programu. Kama kazi imekamilika lakini wakati wake haujafika, irusheni kwa faragha ya "mimi tu", kisha muipakue ibaki galari. Nakala ya pili jitumieni WhatsApp, lakini kama dokumenti, maana ukituma kama video ya kawaida inabanwa na ubora unashuka. Google nao wanatoa GB 15 za bure, kwa video za namna hii zinasogeza. Inakula bando, najua. Mimi nilibana bando, na haya ndiyo yaliyonikuta.

Jana mzee alinipigia. Aliuliza kama ile video ya mkono nimeshairusha, kwa sababu wajukuu wake wanataka kuiona. Nilishindwa kumwambia. Nikamjibu bado naiwekea sauti.