Maji ya chila yanarudi na nyuzi 10 badala ya 13, tuanzie wapi?

Bomba_Baridi
Wakuu, habari za kazi. Ni hoteli Dar es Salaam, chila (mashine za kupoza maji) 2 za kW 400 kila moja. Kwenye michoro maji yanakwenda na nyuzi 7, yanarudi na 13. Kila chila ina pampu yake, kisha kuna pampu za kusukuma maji vyumbani zenye invata (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota), na katikati baipasi iliyo wazi, yaani bomba linalounganisha maji ya kwenda na ya kurudi. Sasa yanarudi na 10 tu. Usiku mzigo ni kama kW 350, chila moja ingetosha, lakini tukizima ya pili maji ya vyumbani yanapanda hadi 9 na ushee, na wageni wanalalamika unyevu. Mkandarasi anataka tuongeze pampu. Yuko sahihi?

FundiKoili
Mkuu, pampu usinunue. Piga hesabu kwanza: kW = 4.19 × lita kwa sekunde × tofauti ya nyuzi kati ya maji ya kwenda na ya kurudi. Mzigo wa kW 350 kwa tofauti ya 6 unataka lita 14. Kwa tofauti ya 3 unataka 28. Chila moja inapitisha lita 16, basi hizo 12 zilizopungua zinatoka kwenye maji ya kurudi, yanayokatiza kwenye baipasi kinyume. Changanya lita 16 za nyuzi 7 na lita 12 za nyuzi 12 (yaani 9 ya kwenda na tofauti ya 3): ndiyo hiyo 9 yako. Koili (mabomba yenye mapezi yanayopoza hewa) ikiletewa maji ya 9 inafungua valvu zaidi, invata inaongeza kasi, tofauti inazidi kushuka. Ukiongeza pampu, kitakachoongezeka ni maji ya baipasi.

Koili nzima yenye valvu ya njia mbili, mzigo ukipungua tofauti yake hupanda. Ikishuka, kuna maji yanapita bure. Kwa hiyo pima kila AHU (mashine kubwa ya kupoza na kusambaza hewa) mchana na usiku, kihisi kikiwa kimebanwa kwenye bomba lenyewe chini ya sufi, si kwa kusoma skrini pekee.

Halafu tafuta valvu za njia tatu, zinazopitisha maji kando ya koili badala ya kuyazuia. Hizo hurudisha maji baridi bila kufanya kazi yoyote. Mafundi wengi huziacha mwisho wa laini "ili pampu isife", na zikifika tano au sita zimeshakula tofauti yote. Weka baipasi moja ndogo inayofunguka pale tu pampu inapofika kiwango cha chini cha maji.

Mzee wa Fankoili
Naongezea upande wa vyumba. Zima fankoili (kipoza hewa kidogo cha chumbani), subiri dakika 20, shika bomba la kurudi. Likiwa bado linatoa jasho, valvu inavuja. Mara nyingi si uchafu: mota ndogo za fankoili zina nguvu ya kufunga dhidi ya presha ya bar 1 hivi, na vyumba vilivyo karibu na pampu vinapigwa na bar 2 au zaidi. Maji yanaisukuma valvu inafunguka. Shusha kwanza presha iliyowekwa kwenye invata, kisha hamisha kihisi chake kwenda kwenye fankoili ya mbali kabisa. Kihisi kilichofungwa mlangoni kwa pampu kinailazimisha kusukuma kwa nguvu hata saa nane za usiku.

Angalia pia uungaji wa AHU. Maji yanatakiwa yaingie upande hewa inakotokea na kutoka upande hewa inakoingilia. Nimesema hivi kwa sababu mabomba yaliyogeuzwa hayavuji wala hayapigi kelele, na koili inapoa tu, lakini kidogo.

Bomba_Baridi
Shukrani wakuu. AHU ya ukumbi (kW 60) inaingiza 7.4, inatoa 8.6, valvu iko asilimia 100 muda wote. Hewa ya kutoka imewekwa nyuzi 10. Valvu ni inchi 2, Kv 40 (mita za ujazo kwa saa zinazopita ikipoteza bar 1).

FundiKoili
Umeshaipata sababu moja. Kwa maji ya 7.4 koili hiyo haifiki hewa ya 10, kwa hiyo valvu haitafunga kamwe. Rudisha hewa kwenye 13. Maji mara mbili hayatoi ubaridi mara mbili, nyongeza ni ndogo sana.

Valvu nayo ni kubwa mno. kW 60 kwa tofauti ya 6 ni lita 2.4 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 8.6 kwa saa. Kwa Kv 16 inapoteza bar 0.29, inaweza kudhibiti. Kwa Kv 40 inapoteza bar 0.05 tu, ikifunguka kidogo karibu maji yote yameshapita. Kama bajeti ipo, weka valvu inayojirekebisha presha yenyewe. Kabla ya hapo badilisha filta na uoshe koili kwa maji ya presha ndogo, ukipiga kutoka upande hewa inakotokea. Asidi usiguse, itakula mapezi ya alumini.

Baridi_Ulaya
Walio na koili za moto, nidhamu ni ileile na makali zaidi: koili ambayo maji yanaingia na 82 na kutoka na 71, ukiipa nusu ya maji bado inatoa kama asilimia 90 ya joto. Na boila ya kukondensi (inayovuna joto kwa kugeuza mvuke wa moshi kuwa maji) haikondensi ipasavyo maji yakirudi juu ya nyuzi 55 hivi.