Fuoni: nimelipa kodi ya miezi sita, nalala na maji ya karo la choo chumbani

Assalaam alaykum jamani. Hasira hii nimekaa nayo siku nne, leo naitoa.

Nyumba nimeipata Januari mwishoni, Fuoni hapa Unguja, huku bondeni kuelekea Kibondemzungu. Vyumba viwili, ukumbi, choo ndani, marumaru mpya, rangi inang'aa. Laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi sita mbele: 1,500,000, na dalali akala kodi ya mwezi mzima juu yake. Nilimuuliza mwenye nyumba kwa kinywa changu: "Mzee, masika hapa maji hayaingii?" Akanijibu: "Mwanangu, tangu lijengwe daraja, hayo yamekwisha."

Daraja limejengwa gari zipite. Bonde liko pale pale, na watu bado wanalima mpunga ndani yake! Mahali panapostawi mpunga, maji yana kwao.

Jumatatu mvua ilianza baada ya Isha. Saa tisa usiku mke wangu ananiamsha, choo kinaguruma. Namulika kwa simu, naona maji yanapanda kutoka kwenye tundu la choo, meusi, yana povu, yanavuka kizingiti taratibu kama mtu anayeijua njia. Watoto wanalala kwenye godoro chini. Yule mdogo, miaka mitatu, mguu wake ulikuwa umo majini na yeye bado kalala. Hilo silisamehe.

Kulipokucha ndipo nikajua. Nyumba nne zinatumia karo moja! Limechimbwa tu kwenye jiwe, halikujengwa ubavuni, mfuniko wake ni bati lililokandamizwa kwa matofali mawili. Kisima tunachochota siku bomba lisipotoka, nimekipima kwa hatua zangu kutoka hapo: kumi na moja. Na jiwe letu la Unguja ni matundu matupu, kinachoingia karoni hakikai karoni. Watu wamesahau kipindupindu cha 2016? Hata kuuza chakula cha kupika kulipigwa marufuku. Mimi sijasahau, ndiyo maana sasa nanunua maji ya kunywa madumu kwa madumu, pesa ambayo sikuipanga.

Halafu kuna jirani wa juu anayejenga ghorofa. Kifusi chote kamwaga mtaroni. Kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu, nimekwenda mara mbili, jibu ni "tutawaita".

Mwenye nyumba simu anapokea akipenda. Jana kaniambia: "Mvua ni ya Mungu, mwanangu, subira." Mvua ni ya Mungu, naam. Karo ni lake yeye, na pesa ya kulijenga anayo, kwa sababu nimempa mimi.

Ninachotaka si kikubwa. Anirejeshee kodi ya miezi mitatu iliyobaki nihame. Hataki, anasema tumeandikiana, na hayo maandikiano ni karatasi moja ya daftari isiyotaja karo wala mafuriko. Dalali naye simu yangu hashiki tena.

Kama yupo humu aliyewahi kurejeshewa kodi yake Unguja hii, aniambie alianzia wapi: manispaa, mahakamani, au watu wa afya waje kwanza wakione kisima. Picha ninazo, na tarehe. Watoto nimewapeleka Kikwajuni kwa bibi yao. Sie wawili tumebaki kulinda vitu, vyote viko juu ya meza na juu ya kitanda, na sasa hivi mvua imeanza tena.